Mabibo ya Jua na Mabibo ya Moshi

Mwaka ambao mume wangu alipata kazi ya kufyeka porini upande wa Pundanhar, nyumba yetu ya Palma ilikuwa na mama wawili jikoni. Gesi ilikuwa imeonekana chini ya bahari, mbele ya mji wetu, na wageni walikuwa wakitafuta kama kuna kitu bara pia. Waliwaajiri vijana wafyeke njia nyembamba zilizonyooka, ili magari ya kupima ardhi yapite. Mume wangu alikuwa akikaa huko wiki tatu, kisha anarudi nyumbani wiki moja.

Mama yangu mzazi alikuwa anaishi nami tangu baba afariki. Ni mtu wa pwani, mtoto wa wavuvi, na maisha yake yote hajalala mahali ambapo hasikii bahari. Mama mkwe alishuka kutoka Mueda mume wangu alipoanza kazi ile, akasema haifai mke wa mwanawe abaki bila mtu wa upande wa mume. Ni Mkristo, kila Jumapili anavaa viatu na kwenda kanisani, ijapokuwa mwanawe alisilimu ili anioe. Wakwe hao wawili walikuwa wakiheshimiana mno, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake jambo waziwazi. Lililowakera walikuja kuniambia mimi, mmoja mmoja, nikiwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi.

Lililowakera zaidi lilikuwa mabibo.

Tulikuwa na shamba la mikorosho nyuma ya mji. Msimu ukifika, korosho zinaokotwa na kuwekwa kando, lakini bibo lenyewe, lile tunda jekundu au la njano lililobeba korosho, halingojei kesho. Likianguka asubuhi, jioni limeanza kunuka pombe. Watoto walikuwa wanayakamua na kunywa maji yake, na yaliyobaki tunayakausha ili yaliwe wakati wa mvua.

Mama yangu alikuwa anayakata vipande, anayaminya kidogo yapungue maji, anayatandaza kwenye ungo na kuuweka juu ya bati la banda la kuku. Jua la Palma la miezi ile halina mchezo. Siku ya tatu vipande vimekuwa vikavu, vya rangi ya udongo, vinakatika mkononi.

Mama mkwe alikuwa hayaminyi. Anayapasua mara mbili na kuyapanga kwenye uchaga juu ya moto wa jikoni, anayaacha wiki nzima yakipata moshi. Yanatoka meusi, laini kidogo ndani, yana ladha ya samaki wa kukaushwa ingawa hakuna samaki aliyepita hapo.

"Mkwe wangu anayaunguza matunda," mama yangu aliniambia.

"Mama yako anamwaga kilicho ndani na kukausha maganda," mama mkwe akaniambia siku hiyohiyo.

Mimi sikuwa na upande. Nilikula ya wote wawili na kusema ni matamu.

Mume wangu aliporudi safari ya pili, nilimwona asubuhi akitema mate yenye damu akipiga mswaki. Fizi zilikuwa zimevimba. Alisema ni kitu kidogo, lakini mama mkwe alikuwa ameshavaa vile viatu vyake vya Jumapili, tukaenda wote wanne kwenye kituo cha afya, sisi tunakiita posto. Muuguzi alikuwa kijana kutoka Nampula. Alizungumza Kireno na mimi nikawa nawatafsiria mama zangu.

Alimtazama kinywani, akauliza wanakula nini kule porini. Mume wangu alisema wali, maharage, samaki wa kopo. Muuguzi akasema huenda ni jino, huenda ni kukosa matunda, na hivyo viwili vyaweza kwenda pamoja. Nilipotafsiri, mama mkwe alishangaa. Alisema kila safari mwanawe anaondoka na mfuko wa mabibo makavu, nusu yake na nusu ya mkwe wake. Anakosaje matunda?

Muuguzi akauliza yamekaushwa vipi. Wote wawili wakajibu kwa pamoja, mmoja akisema kwa jua, mwingine kwa moshi. Akatabasamu. Akaeleza kwamba tunda likikauka, vitu vingine hubaki na vingine huondoka. Sukari hubaki. Ile vitamini inayolinda fizi, vitamini C, haipendi joto, haipendi mwanga, wala haipendi kukaa wazi.

Nilimuuliza kwa hiyo kati ya jua na moshi, ni kipi kinaiharibu zaidi.

"Sijui, profesora," alisema, akiniita mwalimu kwa Kireno. "Hilo sikufundishwa."

Nilimpenda kwa jibu lile. Palma ya siku zile ilijaa watu wanaojua. Kila wiki kulikuwa na mkutano, na kwenye kila mkutano mtu alisimama akaeleza mambo yatakavyokuwa. Kwenye mkutano mmoja, mgeni mmoja alipitisha kipande cha jiwe la mviringo, kilichokatwa mbali chini ya sakafu ya bahari. Kilinipitia mkononi. Kilikuwa kizito, cha kijivu, hakina harufu. Alisema wameshapima na wanajua kila kilichomo ndani yake. Nilirudi nyumbani nikawaza kwamba jiwe ambalo hakuna aliyewahi kuliona linajulikana lina nini, na bibo ambalo bibi zangu wamelikausha miaka yote hakuna anayelijua.

Nilikumbuka somo moja la chuo cha ualimu, Pemba ya kwetu Msumbiji. Mwalimu wetu wa sayansi alichukua maji ya wanga, akatia tone la tintura, ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda, na maji yote yakawa buluu iliyokolea. Kisha akadondosha maji ya ndimu. Buluu ikatoweka, maji yakawa meupe kama hakuna kilichotokea. Alisema vitamini C ndiyo inayoila ile buluu. Kitu chenye vitamini nyingi kinahitaji matone machache kuimaliza, na chenye kidogo kinahitaji matone mengi. Daftari langu la chuo lilikuwa bado lipo, limeliwa na mchwa pembeni, lakini ukurasa ule ulikuwa mzima.

Muuguzi alinipa tintura kidogo kwenye kichupa, pamoja na kichupa tupu cha dawa ya macho, kile chenye mdomo wa kudondoshea. Wanga nilichuja kwenye muhogo wetu wenyewe.

Mume wangu aliporudi porini, niliwaambia mama zangu ninachotaka kufanya. Niliwaomba mabibo ya mti mmoja, yaliyoanguka asubuhi moja, tuyagawe mafungu matatu. Fungu la kwanza la mama yangu, afanye kama anavyofanya siku zote. La pili la mama mkwe. La tatu nilikausha mwenyewe chumbani kivulini, nimekata vipande vyembamba, nimevifunika kwa kipande cha chandarua kuzuia nzi, dirisha wazi upepo upite.

Fungu langu lilioza. Siku ya nne lilikuwa na ukungu wa kijani na chumba kinanuka kama kilabu. Mama zangu walikuja kuangalia, wakasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza niliwaona wamekubaliana jambo.

Tulianza upya na mabibo mengine. Safari hii nilikata vyembamba zaidi, mpaka ukishika kipande unaona mwanga upande wa pili, na nikavigeuza kila niliporudi shuleni mchana. Vilikauka siku ya tano. Vilikuwa vya njano, njano ileile ya mtini. Nilivitazama sana vile vipande, kwa sababu sikuwahi kuona bibo kavu lenye rangi yake.

Jumamosi asubuhi tuliketi barazani watatu. Nilitwanga kila fungu peke yake, nikatia kijiko kimoja cha unga kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa, nikaacha yaloweke, nikachuja kwa kitambaa. Nikapanga glasi nne za maji ya wanga, kila moja na tone moja la tintura. Zilipogeuka buluu, mama yangu alisema bismillahi kwa sauti ya chini, na mama mkwe akavuta kiti karibu.

Glasi ya kwanza nilidondoshea maji ya bibo bichi, lililokamuliwa palepale. Buluu ilikimbia kwa matone mawili. Mama mkwe alishika glasi, akaiinua juu, akatazama chini yake.

"Imekwenda wapi?" aliuliza.

Nilisema imeliwa.

Ya mama yangu nilidondosha, nikadondosha. Nilifika matone ishirini na buluu bado ipo, imefifia tu. Mama yangu aliacha kutazama glasi akawa anatazama barabarani, ambako magari mawili ya wageni yalikuwa yanapita na vumbi lake. Ya kwangu, ya kivulini, ilimaliza buluu kwa matone manane. Ya mama mkwe ilimaliza kwa matano.

Sikutegemea. Nilirudia na jibu likawa lilelile. Moshi ulikuwa umeshinda kivuli, na jua lilikuwa nyuma kabisa. Mama mkwe hakujisifu. Aliinuka tu, akaenda jikoni, nikasikia anapanga kuni. Siku ile chakula cha mchana kilipikwa na yeye.

Kesho yake baada ya swala ya alasiri mama yangu alinijia. Nilidhani anakuja kulalamika. Aliketi mkekani, akanyoosha miguu, akasema amefikiri.

"Kanga zangu zikianikwa karibu na jikoni kwa mkwe wangu, nikizifua maji yanatoka na rangi," alisema. "Moshi una kitu chake. Wewe umedondosha moshi na bibo pamoja. Umejaribu moshi peke yake?"

Mama yangu hakusoma shule ya serikali hata siku moja, alisoma chuo cha Kurani tu. Mimi nilikuwa na cheti cha ualimu na swali lile halikunijia. Najua wivu ulikuwemo ndani yake, lakini lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani.

Nikachukua kitambaa cheupe kilichofuliwa vizuri, nikakikata mara mbili. Kipande kimoja nilikifungia kabatini. Cha pili nilimwomba mama mkwe aniwekee kwenye uchaga wake wiki moja, pembeni ya mabibo. Aliuliza cha nini. Nilimwambia ukweli, kwamba mama ameuliza kama moshi peke yake unaweza kula buluu. Alifikiri, akasema weka.

Wiki ilipokwisha kitambaa kilikuwa cha rangi ya chai. Nilikiloweka, na kile cha kabatini nikakiloweka kwenye kikombe kingine. Maji ya kitambaa safi hayakufanya lolote kwenye buluu hata nilipomaliza kichupa. Maji ya kitambaa cha moshi yaliila. Hayakuila haraka kama mabibo, lakini yaliila, na glasi ikabaki na uchafu kidogo tu wa njano.

Mama yangu alichukua ungo wake wa mchele akaanza kupeta, ingawa mchele ulikuwa umeshapetwa.

Nilimfuata mama mkwe jikoni kumweleza. Niliogopa kidogo, kwa sababu mkwe ni mkwe. Alikuwa anachochea moto, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunitazama.

"Basi mwanangu alikuwa anakula moshi," alisema.

"Sisemi hivyo, mama. Nasema sijui. Moshi umo na bibo limo, na mimi kwa dawa hii siwezi kuvitenganisha."

Alichukua kipande kutoka uchagani, akatafuna taratibu.

"Hata mimi nikionja siwezi kuvitenganisha," alisema, akanikatia nusu.

Tulikula pale jikoni tumekaa kwenye vigoda. Nilimwambia pia kwamba bibo lenyewe lina ule ukakasi unaokaza ulimi, na huenda ukakasi nao unaila buluu, hivyo hata mafungu mengine sina uhakika nayo sana. Akaniuliza kama wageni wa gesi nao wanapima hivihivi, wakikosea na kurudia. Nikasema nadhani ndivyo. Akasema hilo kwenye mikutano hawalisemi.

Mume wangu alirudi siku chache baadaye. Nilimkalisha nikamweleza yote, tangu glasi ya kwanza hadi kitambaa, nikamwonesha na daftari. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilidhani amechoka na safari. Kisha akasema kuna jambo.

Mabibo hakuwa anayala. Alipofika kambini safari ya kwanza, wenzake wa kutoka juu, upande wa Mueda, waliyaona wakafurahi sana. Waliyaloweka kwenye dumu na maji na sukari, wakalifukia kwenye mchanga karibu na mahema, na baada ya siku kadhaa wakawa na pombe. Safari ya pili walimpokea kwa nyimbo.

Mama zangu walikuwa wanasikia. Mama mkwe aliweka mkono mdomoni. Mama yangu, ambaye chombo kilichowahi kutiwa pombe hakiingizi nyumbani kwake hata kioshwe mara saba, aliuliza swali moja tu.

"Walitumia yapi?"

Mume wangu alisita. Alisema yale ya moshi yaliharibu ladha, wakayaacha, wakawa wanayatafuna tu. Waliyoyapenda kwa pombe ni yale ya jua.

Mama yangu aliinuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Halafu tukasikia kitu ambacho mwanzo sikukitambua, kwa kuwa tangu baba afariki sikuwa nimekisikia: alikuwa anacheka peke yake. Mama mkwe naye akaanza, akacheka hadi machozi yakamtoka. Hakuna aliyemuuliza mume wangu kama naye alikunywa. Mimi nilimuuliza baadaye, na jibu lake nitaliacha hapo.

Fizi zilipona. Muuguzi aling'oa jino moja, na wiki ile yote mume wangu alikula mabibo mabichi na ndimu kama mtu anayelipishwa faini. Lipi lililomponya, sikujua na muuguzi hakujua.

Kuanzia hapo mama mkwe alikishika kichupa cha dawa ya macho akawa hakiachi. Nikirudi shuleni nakuta glasi zimepangwa barazani, naye amevaa miwani yangu, anadondosha. Alijaribu ndimu, ukwaju, maji ya dafu, majani ya muhogo mabichi, majani yaleyale yakiwa yamepikwa. Aliona mwenyewe kwamba majani mabichi yanaila buluu, na yakishapikwa sana nguvu yake inapungua. Alitaka kujua kwa nini basi tunayapika. Nilimwambia mabichi yana sumu. Alikunja uso, kana kwamba mtu amemfanyia hila.

Siku moja wanawake wa kijiji cha Nhica do Rovuma walikuja sokoni na mabuyu. Alinunua mawili, akayapasua, akakwangua unga mweupe kwenye mbegu, akaloweka kijiko kimoja. Mimi nilikuwa nafungua viatu. Nikasikia ananiita, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona kitu.

Tone la kwanza lilitoboa shimo jeupe katikati ya buluu. La pili likasafisha nusu ya glasi. La tatu halikupata cha kula.

Mama yangu naye alikuja. Tuliinama watatu juu ya glasi ile. Hakuna kati yetu aliyelikausha buyu lile. Lilikauka lenyewe juu ya mti, ndani ya gamba lake gumu, bila mwanga, bila moshi, bila mtu kuliminya.

"Liko ndani ya giza lake," mama mkwe alisema, akagonga gamba kwa kucha.

Mume wangu alikwenda kambini na mfuko wa ubuyu safari ile, na wenzake walilalamika. Mama yangu aliacha kuminya mabibo, na ungo aliushusha kutoka kwenye bati akauweka barazani upande usiopigwa na jua, chini ya chandarua changu. Vipande alivikata vinene kuliko nilivyomwambia, na vingine vikaoza, akasema ni hasara ya kusikiliza watoto, lakini hakuurudisha ungo juu. Mama mkwe aliendelea na moshi wake. Alisema yeye anapenda ladha, na ladha haihitaji matone.

Tintura iliisha kabla ya mvua. Nilirudi kwa muuguzi na kichupa, akaniambia kwa adabu kwamba mji umejaa watu wa kazi, vidonda vimekuwa vingi, na dawa ni ya vidonda. Alikuwa na haki. Nilimpa pakiti ya mabibo ya kivulini, akatafuna kipande kimoja akasema kwao Nampula hawayafanyi hivi.

Mama mkwe alirudi Mueda mvua zilipoanza. Nilimsindikiza hadi lilipo gari, na alipokwisha kupanda na kuketi aliniagiza niandike jambo nisije kulisahau. Alitaka kujua kama ubuyu uliokwishakwanguliwa na kukaa kwenye kopo mwaka mzima bado unaila buluu kama ule uliopasuliwa leo, au nao unapungua ukitoka kwenye gamba. Nililiandika garini kwenye daftari, likiwa juu ya goti lake, chini ya matone yote tuliyohesabu. Nafasi ya jibu niliiacha wazi.